Siku saba nikizifuata ndege zisizokaa hewani

Jumatano, München

"Mjomba, umetoka Arusha mpaka huku kuja kutazama vyuma vya vita?" Ndivyo alivyonipokea mpwa wangu kituoni, shikamoo haijapoa mdomoni. Huu ni mwaka wake wa tatu wa masomo hapa. Nikamwambia vyuma ndivyo vilivyomsomesha mama yake. Akacheka, akabeba begi.

Mimi ni fundi wa ndege. Miaka 23 nimeshinda chini ya mabawa ya ndege ndogo zinazopeleka watalii Serengeti, nikibadilisha silinda, plagi na pedi za breki. Kwenye kundi letu la WhatsApp la mafundi haipiti wiki bila mtu kurusha picha za ndege za kivita ambazo Wajerumani walikuwa wakizijaribu mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Moja haina mkia, moja imebeba injini mgongoni kama mama na mtoto, moja inaruka imesimama wima kama mchi. Chini ya picha maneno ni yale yale: hawa jamaa wangepewa mwaka mmoja tu zaidi, dunia ingekuwa nyingine. Mimi hubisha. Safari hii nimeamua nije nibishie mbele ya chuma chenyewe, na kila usiku niandike nilichokiona kabla sijalala.

Tulianzia Deutsches Museum, ambayo imejengwa juu ya kisiwa katikati ya mto Isar. Unashuka Isartor, unatembea dakika chache, unavuka daraja. Mpwa alitaka aanze na vyombo vya anga za juu. Nikamvuta shati hadi kwa Me 262, ndege ya jeti ya kiwanda cha Messerschmitt.

Watu wote pale walikuwa wanapiga picha pua yake, yenye matundu ya mizinga. Mimi niliinama mbele ya injini. Katikati ya mdomo wa injini, pale penye koni, kuna kipete kidogo cha kuvutia kamba. Nikamwita mpwa: "Njoo uone. Hii ndiyo ndege ya kwanza ya jeti kuingia vitani duniani, na inawashwa kama jenereta ya kinyozi." Ndani ya koni ile mlikaa kimota cha Riedel cha silinda mbili, cha viharusi viwili, kazi yake ni kuizungusha injini kubwa mpaka ishike moto. Kikigoma kuwaka kwa umeme, fundi anavuta kamba. Mpwa alicheka hadi mlinzi akageuka. Mimi sikucheka sana, maana nilikuwa namfikiria yule fundi, asubuhi ya Februari, vidole vimekufa ganzi, anavuta.

Injini yenyewe ni Jumo 004. Nikeli na kromiamu, madini yanayofanya chuma kivumilie moto, yalikuwa adimu Ujerumani. Kwa hiyo vyumba vya moto vilitengenezwa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini, na mapanga ya turbini yakafanywa matupu ndani ili hewa ipite iyapoze. Ni akili kubwa, sikatai. Lakini injini ilikaa saa 10 hadi 25 hivi, kisha inashushwa. Injini za pistoni ninazozihudumia mimi zinakwenda hadi saa 2,000 kabla ya kufunguliwa zote. Na rubani akisukuma mkono wa mafuta kwa pupa, moto unazimika au turbini inaungua. Huku nyuma yake kuna adui.

Ndege hii iliruka kwa jeti peke yake mara ya kwanza tarehe 18 Julai 1942 pale Leipheim, rubani Fritz Wendel. Wakati huo ilikuwa na gurudumu la mkiani, mkia unalala chini, hewa haiufikii vizuri usukani wa nyuma. Wendel ilimbidi akanyage breki kidogo katikati ya mbio ili mkia unyanyuke. Yaani unakimbia kuruka, halafu unashika breki ndipo uruke! Na yale mabawa yaliyolala nyuma, ambayo kundini husemwa kuwa ni siri ya kasi, yalianza kulala kwa sababu injini zilikuja nzito kuliko zilivyotarajiwa. Uzito ulihama, wakayasogeza mabawa nyuma ndege isawazike. Fundi yeyote aliyewahi kupima uzito wa ndege kwenye mizani anaelewa.

Jirani yake kuna Me 163, ile waliyoiita Komet. Ni fupi, nene, haina mkia wa kulala, imekaa kama nyuki aliyeshiba. Kwenye pua ina kipropela kidogo, urefu wa kiganja na kidole.

"Mjomba, hako kapangaboi ndiko kanakoivuta?"

Hako kapangaboi kanazungushwa na upepo ili kazalishe umeme tu. Kinachoisukuma ni roketi ya Walter iliyoko nyuma, na roketi hiyo inakula vimiminika viwili. Kimoja waliita T-Stoff, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 80, ambayo ikigusa nguo, majani au nyama ya mtu inaanza kuviunguza. Kingine ni C-Stoff, methanoli na haidrazini. Vikikutana, vinalipuka vyenyewe bila kiberiti. Matangi mawili ya T-Stoff yalikaa ndani ya chumba cha rubani, kulia na kushoto kwake, kama mtu aliyepakiwa kwenye hiace katikati ya madumu. Gari la kujazia kimiminika kimoja halikuruhusiwa kuwa karibu na ndege wakati gari la kingine lipo.

Na kwa hatari yote hiyo moto ulidumu dakika saba na nusu. Ukiisha, Komet inageuka nyiriri, yaani ndege isiyo na injini, inateleza hewani hadi chini. Magurudumu iliyaacha ilipoanza kuruka, kwa hiyo inatua kwa tumbo, juu ya ubao wa kuteleza, na migongo ya marubani ililipia. Ikisimama haiwezi hata kujisogeza. Inakaa katikati ya uwanja ikingoja trekta, na ndege za Wamarekani zilijua hilo.

Nilisimama pale mpaka mpwa akaniuliza kama nalipwa kwa saa.

Alhamisi, Schleißheim

Treni ya S1 hadi Oberschleißheim, kisha kutembea kando ya bustani ya kasri. Ni tawi la makumbusho yale yale, ndani ya karakana ya zamani ya ndege. Kuna harufu ya mafuta na vumbi la turubai, nikajisikia kazini.

Nilikwenda kwa ajili ya kitu kimoja, nyiriri ya ndugu wawili, Walter na Reimar Horten. Ho IV ni bawa tupu, refu na jembamba, halina kiwiliwili wala mkia, na rubani alilala kifudifudi nusu, kidevu kwenye kiegemeo. Imejengwa kwa mbao. Viungo vyake vimepigwa msasa hadi huoni bawa linapoanzia. Huyu Reimar mikono yake ilikuwa na baraka, hilo nalisema bila kubishana na mtu.

Lakini mbao zinaishi kwa gundi. Niliposimama mbele ya viungo vile nilikuwa nafikiria He 162, ambayo haipo hapa. Mwezi Septemba 1944 wakubwa walitaka ndege ya jeti ya bei nafuu, ya mbao nyingi na chuma kidogo, ambayo vijana wadogo wangefundishwa haraka kuirusha. Kiwanda cha Heinkel waliichora na kuijenga kwa takriban siku 90, injini ya BMW 003 ikiwa mgongoni. Tarehe 6 Desemba 1944 iliruka Schwechat, karibu na Vienna, rubani Gotthold Peter. Siku ile ile mlango mmoja wa magurudumu ulibanduka kwa sababu gundi haikushika. Tarehe 10 wakairusha tena mbele ya wakubwa. Ubao wa mbele ya bawa ukachanika, ndege ikabingirika, Peter akafa mbele ya macho yao.

Gundi nzuri waliyoizoea, Tego-Film, ilitoka kiwandani Wuppertal, na kiwanda kile kilikuwa kimepigwa mabomu na Waingereza. Gundi mbadala ilikuwa na asidi iliyokula mbao polepole. Ukiigonga ndege leo inalia vizuri, baada ya muda inaliwa kwa ndani kama nguzo yenye mchwa. Mimi gundi iliyopita tarehe yake naitupa, na bosi akinuna na anune.

Siku imeishia hapo. Mpwa alikuwa na kipindi saa nane.

Ijumaa, Oberammergau

Treni hadi Murnau, kisha kitreni kidogo kinachopanda taratibu katikati ya malisho. Kengele za ng'ombe unazisikia kabla hujaona ng'ombe. Kijiji kina nyumba zilizochorwa picha za watakatifu ukutani, na wenyeji huigiza mateso ya Yesu kila baada ya miaka kumi kwa ajili ya nadhiri ya mababu zao. Hapa ndipo wachoraji wa Messerschmitt walipojificha na mabomu, ndani ya kambi ya jeshi chini ya mlima. Leo ile kambi ni shule ya NATO. Hatukuingia, na wala hatukutarajia kuingia. Tulisimama ng'ambo ya barabara tukala mkate na jibini.

Sasa hapa nawapa wenzangu wa kundini haki yao. Mwaka 1935, mkutanoni Roma, Mjerumani Adolf Busemann alieleza kwamba bawa lililolazwa nyuma litapunguza ukinzani wa hewa kwenye kasi kubwa. Wengi waliosikia hawakulitilia maanani. Wajerumani walilifanyia kazi kwenye mahandaki ya upepo, ambamo hewa hupulizwa kwa kasi kupima vielelezo vya ndege, na Woldemar Voigt wa Messerschmitt na wenzake wakaja hapa kijijini kujenga P.1101, ndege ya jeti yenye injini moja tumboni na mabawa yaliyolazwa kweli kweli. Walikuwa hawana uhakika pembe ipi inafaa. Kwa hiyo waliyafunga mabawa kwa namna ambayo fundi angeweza kubadilisha pembe ndege ikiwa chini, hadi digrii 45. Ujaribu leo, ukaze upya, ujaribu kesho.

Hili lilinigusa. Mara nyingi mchoraji anachora kama vile fundi hayupo. Huyu alikiri hajui, akaacha nafasi ya spana.

Haikuruka hata mara moja. Aprili 1945 ilikuwa imebaki kidogo kukamilika, Wamarekani wakaingia kijijini tarehe 29, wakaikuta. Ikakaa nje siku nyingi, watu wakipanda juu yake kupigwa picha. Ikapelekwa Marekani, kiwanda cha Bell, mjini Buffalo, ikaharibika njiani kiasi cha kutofaa kuruka. Robert Woods wa Bell aliichukua fikra yake akaisogeza mbele, na tarehe 20 Juni 1951 ikaruka Bell X-5, ndege ambayo mabawa yake yalibadilika pembe ikiwa hewani.

"Kwa hiyo kundi lenu wana haki," mpwa akasema.

"Nusu. Waambie na miaka sita iliyopita katikati, na nikeli ya Marekani."

Kuna handaki kubwa la upepo walilokuwa wanalijenga bonde la Ötztal, Austria. Vita viliisha halijakamilika. Wafaransa walilifungua vipande vipande, wakalisafirisha hadi Modane, nchini kwao, wakalijenga upya, na linafanya kazi hadi leo. Nilimweleza mpwa hayo kwenye treni ya kurudi, akawa amelala.

Jumamosi, Kirchheim unter Teck

Asubuhi kundini mtu ametuma picha ya Triebflügel ya kampuni ya Focke-Wulf, ile inayosimama kwa mkia, mabawa yake matatu yakizunguka kiuno cha ndege kama feni, kila ncha ina jeti. Ilifika kwenye kielelezo cha kupimia upepo tu. Nimeuliza kundini: rubani anatua vipi, kinyumenyume, haoni chini, huku mabawa yanazunguka nyuma ya shingo yake? Mpaka naandika hapa wameweka alama mbili za bluu.

Kutoka Stuttgart ni treni ya S1 hadi mwisho. Kisha tulitembea kuelekea msitu wa Hasenholz na tukapotea vizuri. Ramani ya simu ilituzungusha mara mbili kwenye shamba lile lile la maboga. Mzee mmoja mwenye mbwa alituona, akauliza tunatafuta nini. Mpwa alipomwambia, alitutazama kidogo, akaonyesha kwa fimbo, akaendelea na njia yake.

Nilichokuja kukiona ni zege. Kuna vitako vitatu vya zege vimekaa pembetatu katikati ya miti, vimefunikwa na majani makavu na ukoka wa kijani. Niliyafagia majani kwa kiatu. Katikati ya kila kitako kuna shimo la mraba, kina chake kama nusu mita, ambamo nguzo ya kurushia ilisimikwa, na pembeni kuna bomba lililokatwa sawa na ardhi, nadhani lilipitisha nyaya. Ndani ya shimo moja mlikuwa na maji ya mvua na chura. Magari ya barabara kuu ya A8 yananguruma hapo karibu, mfululizo.

Hapa zingerushwa Natter. Erich Bachem, kiwandani kwake Waldsee, alitengeneza kitu ambacho sijui nikiite ndege au kombora lenye mtu. Ni cha mbao, kinasimama wima kwenye mnara, kina roketi ya Walter kama ile ya Komet na roketi nne za kusukumia pembeni. Puani kinabeba maroketi madogo 24. Rubani anapaa wima, anayafyatua yote kwa mkupuo kwenye kundi la ndege za mabomu, kisha ndege inakatika vipande viwili. Yeye anashuka kwa parashuti, na sehemu yenye injini inashuka kwa parashuti yake ikaokotwe itumike tena. Pua na mabawa vinatupwa. Kutua hakumo kwenye mpango kabisa.

Tarehe 1 Machi 1945, kwenye uwanja wa mazoezi wa jeshi wa Heuberg, kusini ya hapa, kijana wa miaka 22 aitwaye Lothar Sieber alipanda ndani. Ilikuwa mara ya kwanza kumweka mtu. Ilipaa, kifuniko cha chumba cha rubani kikang'oka hewani, ndege ikapinduka ikaingia mawinguni chali. Chini ya dakika moja baadaye ilianguka kutoka mawinguni, pua mbele. Hakuna aliyerushwa tena na chombo hicho baada ya Sieber. Natter haikumfikia adui hata mmoja, na hivi vitako vya Hasenholz havikurusha kitu. Wamarekani waliwahi.

Mpwa alikaa ukingoni mwa zege, miguu ndani ya shimo. Umri wake ni miaka 22. Hakusema kitu na mimi sikumkumbusha.

Jioni tulianza safari ndefu ya kuelekea Jena kwa treni za mikoani, kubadilisha mara nne, tumefika saa sita usiku kasoro. Naandika hapa macho yakifumba.

Jumapili, Kahla

Jumapili Ujerumani duka halifunguliwi. Mimi nilijua, mpwa ambaye anaishi hapa ndiye aliyesahau. Tumeshinda na mapera manne na nusu pakiti ya biskuti.

Kutoka Jena treni inafuata mto Saale robo saa hivi. Kahla ni mji wa vyombo vya kauri, na juu yake kwenye kilima cha pili kuna ngome nyeupe ya Leuchtenburg, unaiona popote ulipo. Sisi tulikwenda upande mwingine, kwenye kilima cha Walpersberg. Kilima hiki kilichimbwa tangu zamani kutolewa mchanga wa kutengenezea kauri, hivyo tayari kilikuwa na matundu ndani. Mwaka 1944 yale matundu yalipewa kazi nyingine. Kiwanda cha REIMAHG, jina lililofupishwa kutoka cheo na jina la Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, kiliwekwa humo kuunganisha Me 262 mbali na mabomu.

Nimefanya kazi kwenye karakana mbaya. Nimewahi kufunga injini juani nikiwa nimesimama juu ya pipa. Hapa ni kitu kingine. Zaidi ya watu elfu 10 waliletwa kwa nguvu, Waitaliano, Wapoland, Wabelgiji, watu wa Usovieti na wengineo, wachimbe, wamimine zege, wasukume mabehewa. Walilala kwenye vibanda bondeni, wengine walifika na nguo za kiangazi, na baridi, njaa na magonjwa viliwamaliza wengi. Bondeni Leubengrund kuna kumbukumbu. Nilisoma majina ya Waitaliano mpaka ukurasa wa jiwe ukaisha, mengi ni ya ukoo mmoja mmoja, baba na mtoto, au ndugu.

Ndege ikikamilika ilipandishwa kwa lifti ya mshazari hadi mgongoni mwa kilima, ambako walisawazisha mwamba wakajenga njia ya kurukia ya kama kilomita moja. Kwa jeti ile ni fupi mno, kwa hiyo zilifungwa roketi za kusaidia kupaa. Kurudi kutua hapo haikuwezekana. Ya kwanza iliondoka Februari 1945. Walipanga mamia kila mwezi. Hadi Wamarekani walipofika Aprili, zilikuwa zimeondoka ishirini na kitu.

Milango ya mahandaki ilikuwa imefungwa leo. Pembeni ya kilima kuna mabaki ya majengo ya zege ambayo Wasovieti waliyalipua baada ya vita, kuta zimelala, nondo zimetoka nje kama mbavu, na miti imeota ndani. Niliishika nondo moja. Ni nene kuliko kidole gumba changu, imekaa vizuri, kutu ya juu juu tu. Chuma cha kujengea ukuta hawakukosa.

He 162 nayo ilikuwa hivi hivi. Viwiliwili vyake vilitengenezwa Hinterbrühl, Austria, ndani ya mgodi wa zamani wa jasi uliokuwa na ziwa chini kwa chini. Ziwa lilikaushwa kwa pampu, wakaingizwa wafungwa wa kambi ya Mauthausen. Leo watalii wanapanda boti mle ndani.

Kwenye picha za kundini hakuna mtu. Ndege imekaa angani kwenye mawingu ya rangi, safi, haina fundi wala aliyeibeba jiwe. Nilitaka nitume picha ya majina ya Leubengrund, nikaandika maneno, nikafuta, nikatuma picha bila neno. Mmoja akajibu: "Mwalimu, hawa ni akina nani?" Nikamwambia ndio mafundi. Tumeongea naye mpaka treni ya Berlin.

Jumatatu, Berlin

Gatow kuna makumbusho ya jeshi yenye Komet nyingine. Tumefika getini. Jumatatu yanafungwa. Kosa langu, sikutazama.

Tukapanda S-Bahn, treni ya mjini, hadi Oranienburg, mwisho wa reli, nikaone palipokuwa na uwanja ambako Horten IX iliruka kwa jeti mara ya kwanza, tarehe 2 Februari 1945. Bawa tupu, mbao na mabomba ya chuma, Jumo 004 mbili ndani. Erwin Ziller alikuwa ameirusha mara chache tu, tarehe 18 injini moja ikazimika, akaanguka akafa. Ya tatu ilikutwa na Wamarekani ikiwa haijamalizika, nayo iko Marekani. Hapa hakuna cha kuona kinachohusu Horten. Cha kuona ni Sachsenhausen, kambi iliyowapa Heinkel wafungwa wa kufanya kazi kwenye kiwanda chao cha hapa mjini. Hatukukaa sana. Mvua.

Nimekula pilau kwa rafiki wa mpwa kutoka Mombasa. Ameweka viazi ndani, sina ugomvi.

Jumanne, Peenemünde

Treni hadi Züssow, nyingine hadi Zinnowitz, nyingine ndogo hadi mwisho wa kisiwa cha Usedom. Kadiri unavyokwenda misonobari inaongezeka na abiria wanapungua. Makumbusho yako ndani ya mtambo mkubwa wa umeme wa matofali mekundu, nje kumesimamishwa mfano wa kombora la V-2, na wageni karibu wote wanalikimbilia hilo. Mimi nilitaka upande wa magharibi, uwanja wa ndege.

Tarehe 20 Juni 1939 Erich Warsitz alirusha hapa He 176, ndege ya roketi, na Agosti 27 mwaka huo huo akarusha He 178 kule Rostock, ndege ya jeti ya kwanza kabisa kuruka duniani, siku chache kabla vita havijaanza. Injini yake ilikuwa ya Hans von Ohain. Mtu mmoja, miezi miwili, milango miwili ya historia ya ndege. Tena He 178 ilijengwa kwa fedha za kampuni, bila haraka ya vita, gundi nzuri na chuma kizuri bado viko stoo.

Na tarehe 2 Oktoba 1941 Heini Dittmar alivutwa hewani na Me 110 akiwa ndani ya Me 163 ya majaribio, akaachiliwa kwenye mita 4,000, akawasha roketi. Alifika kilomita 1,004 kwa saa. Hapo juu ndege ilianza kutetemeka na pua ikazama ghafla, kwa sababu hewa juu ya bawa ilikuwa imeanza kufanya mambo ambayo watu wa wakati ule walikuwa bado wanayasoma. Alizima moto, akairudisha. Hakuna binadamu aliyekuwa amekwenda kasi hiyo, na ilikuwa siri, hivyo hakuna aliyempigia makofi nje ya uzio huu.

Tulitembea hadi tunapoweza kufika, tukasimama. Upepo wa Baltiki unapita chini ya koti. Ndege ndogo ya pistoni, ya aina ninayoifahamu hadi namba za skrubu zake, ilikuwa inakimbia kuruka. Niliisikiliza. Silinda moja haiko sawa, nadhani plagi.

"Mjomba, ungekubali kuwa fundi wa Komet?"

Nikamwuliza sabuni ya mikono walikuwa wanapewa kiasi gani kwa mwezi. Akasema nijibu kweli. Nikamwambia ile Jumo yenye kamba ningeikubali, ningeifungua yote nijue ndani kukoje. Ile ya T-Stoff ningeomba likizo ya ugonjwa. Akataka kujua kama kwenye jeshi lile likizo ya ugonjwa ilikuwepo.

Kule mbele ndege ndogo iliinua pua, ikayumba kidogo kwa upepo wa pembeni, ikanyooka. Tuliitazama mpaka ikapita juu ya misonobari, kisha tukakimbia, maana treni ya saa kumi ndiyo iliyokuwa inatuwahisha Züssow.